Kidude Kilicholia Saa Nne

S.L.P. 40217,
Mtoni kwa Azizi Ali, Temeke,
Dar es Salaam.
Jumatano, 14 Oktoba 1998

Mpendwa dada yangu Zubeda,

Shikamoo, tena shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati na miguu imeacha kuvimba, maana mara ya mwisho ulisema kazini hospitalini wanakusimamisha kutwa nzima. Shemeji hajambo? Na watoto je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sie huku wazima, alhamdulillahi. Mama presha imetulia tangu apunguze chumvi, ila katupunguzia nyumba nzima, tunakula mchicha kama tumelazwa wodini. Mvua za vuli bado. Vumbi la Mtoni unalijua mwenyewe.

Utashangaa kuuona mwandiko wangu. Miezi mitano tumeandikiana kwa imeili, unatuma asubuhi naipata asubuhi hiyo hiyo, halafu leo bahasha na stempu kama zamani. Sababu ipo. Tafadhali usitume tena chochote kwenye ile anwani ya ofisini. Hata usipomaliza kusoma, hilo lishike.

Nitakueleza yote, ila nivumilie, maana mie leo sikai. Nimekaa nikaandika mistari miwili, nikainuka kwenda kuangalia kama maji yanatoka, hayatoki, nimerudi. Mama ananitazama. Kaniuliza, "Una nini wewe, umemeza sindano?" Nikamwambia joto.

Nianze na kazi. Unajua niliajiriwa karani wa nyaraka kwenye kampuni ya kutoa mizigo pale Kurasini. Mwezi wa tatu bosi wetu, Bwana Albano, akaamua kompyuta zote sita ziunganishwe, zisikae kila moja na lake. Akaja fundi, anaitwa Ansbert, mtu wa Bukoba, mcheshi sana, akauliza nani haogopi kupanda darini. Wote wakaanza kuangalia viatu vyao. Mie nikanyoosha mkono. Kiherehere changu si unakijua.

Basi wiki mbili nimeshinda darini na mavi ya panya, navuta waya. Dada, waya ule ukiuchuna, ndani una nyuzi nane za rangi, zimesokotwa mbili mbili, na kila uzi una nafasi yake kwenye kichwa cha plastiki. Ukikosea mmoja tu kompyuta inakuwa bubu. Ukishazipanga unabana kwa koleo lake, kwishney. Waya zote zinakwenda kwenye kisanduku kimoja, wanakiita habu, kina vitaa vya kijani, kila kompyuta na kitaa chake. Kitaa kikizima unajua nani amekatika kabla hajaanza kupiga kelele.

Mmoja nikaupitisha kwenye bomba chini ya kichochoro mpaka kibanda cha geti la yadi yetu ya makontena. Ansbert alinikataza usizidi mita mia, akasema ukizidi hapo maneno yanachoka njiani. Ulifika tisini na moja. Wallahi siku ile nilijiona injinia. Nilikwenda getini kwa miguu kuangalia kama kweli kitaa kinawaka, nikarudi, nikaenda tena.

Mwisho akafunga fayawoli. Ni sanduku jeusi, ukubwa wake kama redio ya Mama, linakaa kati yetu na huo mtandao wa dunia nzima unaoingia kwa laini ya simu. Kazi yake ni ya askari wa getini. Kila kinachokuja kinaulizwa kinatoka wapi, kinakwenda kwa nani, na karatasi zake ziko wapi. Kisichojieleza kinarudishwa, na sanduku linaandika saa kilipokuja, halisahau. Likawekwa kwenye chumba kidogo chenye feni na kufuli, na ufunguo akakabidhiwa Mzee Marijani.

Mzee Marijani unamkumbuka, yule wa nyumba yenye bati jekundu nyuma ya msikiti. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka kwa Bwana Albano kuomba kazi. Pale ofisini yeye anafungua, anafagia, anafunga, na Jumamosi anabaki peke yake mpaka jioni. Ule ufunguo aliutia kamba akauvaa shingoni. Mkewe alilalamika kwa Mama kwamba hauvui hata akienda kuoga.

Sasa kosa langu. Nimeinuka tena hapa, nimekunywa maji, nimekaa.

Ulipoanza kuleta imeili, nilikuwa nazichapa ofisini namletea Mama karatasi namsomea. Anasema "Haya," basi. Anaona kama nimetunga mie. Anataka azione zikitoka. Na Kurasini hafiki kwa magoti yale. Ndipo nikamkumbuka Wilbert, mwenye duka la simu na faksi pale kituoni, ana kompyuta na modemu. Modemu, dada, ndicho kidude kinachoifanya kompyuta iongee kwenye simu. Kikipigiwa kinalia, kinapiga mluzi, kisha kinaguruma kama mtu anayesukutua. Stoo ya ofisini kulikuwa na modemu kuukuu iliyotupwa. Nikaichukua, nikaichomeka nyuma ya kompyuta yangu, nikaiunga kwenye laini ya simu ambayo haitumikitumiki, nikaificha chini ya meza nyuma ya kapu la taka. Nikaiamuru ikipigiwa ipokee, na kompyuta nikawa naiacha inawaka mpaka Jumatatu.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri nampeleka Mama kwa Wilbert. Anavaa ile kanga yake ya maua ya zambarau, anapaka hina vidole kabisa, anakaa kwenye kiti. Napiga, kule Kurasini kidude kinaitika, na barua yako inatokea Mtoni mbele ya macho yake. Ungemuona! Watu wote wa Mtoni wameshasimuliwa.

Bwana Albano sikumwambia. Ansbert sikumwambia. Neno la siri niliweka, ila kuliandika kila wiki nikaona usumbufu, wateja wanasubiri kiti, Mama naye ananihimiza, nikaiambia kompyuta ya Wilbert ilikumbuke yenyewe. Na namba ya simu iikumbuke. Kwa hiyo yeyote aliyekaa kwenye kiti kile, alikuwa amebakiza kubonyeza tu. Askari yuko getini anawadai watu karatasi, mie nimetoboa ukuta jikoni. Hayo nayaelewa leo. Siku ile nilijiona mjanja.

Jumamosi iliyopita mtu kabonyeza.

Ni hivi. Kila Jumamosi saa sita mchana karani wa geti anachapa orodha ya makontena yenye ruhusa ya kutoka, na orodha hiyo inakaa kwenye kompyuta yangu. Mtu huyo kaingia, kaongeza mstari mmoja. Lori likaja na karatasi zinazofanana na ule mstari, geti likafunguliwa, kontena la vipuri vya matrekta likaondoka. Jumatatu asubuhi mwenyewe katoka Mbeya na lori lake kulichukua. Anaonyeshwa sehemu tupu. Mtu mzima yule alikaa chini pale pale kwenye kokoto.

Ansbert akaitwa. Akalifungua daftari la fayawoli, akasema Jumamosi hakuna aliyeingia kutoka nje, hata mmoja. Akaangalia kompyuta yangu, akaona mstari umeandikwa saa nne na dakika saba asubuhi. Bwana Albano akasema, basi aliyeandika alikuwa amekaa kwenye kiti. Na Jumamosi saa nne ndani alikuwepo nani?

Wote wakamgeukia Mzee Marijani.

Dada, nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Modemu ilikuwa karibu na mguu wangu. Ningesema pale pale. Badala yake nikalisukuma kapu la taka kwa mguu, likaiziba zaidi. Mzee akauvua ufunguo shingoni, taratibu, kamba ikakwama kwenye kofia, akaikwamua, akauweka mezani. Akasema, "Mie hiyo mashine hata kuiwasha siijui, na mnasema nimemwingiza mwizi. Haya. Isomwe Albadiri."

Kisomo cha Albadiri unakijua wewe. Ikishasomwa, aliyefanya anapatikana, na aliyeficha anapatikana, na tangu utoto tumesimuliwa juu ya matumbo yaliyovimba na midomo iliyokwenda upande. Bwana Albano ni Mkristo, akakuna kichwa, akasema yeye hana neno, ikiwashinda polisi na isomwe. Sesilia wa mapokezi akauliza kwa sauti ndogo kama hiyo kitu inauliza dini kabla ya kukamata. Watu wakacheka kidogo, cheko la woga. Ikapangwa Ijumaa baada ya swala, ofisini, wote tuwepo. Mzee akaambiwa asubiri nyumbani mpaka siku hiyo.

Jana niliing'oa modemu, nikaileta nyumbani kwenye mfuko wa plastiki wa rambo, iko chini ya kitanda changu. Naipita naiona. Chakula hakipiti. Nikisikia simu ya Sesilia ikilia nashtuka. Albadiri naiogopa, nisikudanganye. Na kukosa kazi naogopa, Mama dawa zake nani atanunua? Lakini kila nikifika kwenye kichochoro cha msikiti nawaza mzee yuko kwake, shingo tupu, na jirani wanajua.

Nimekwenda mpaka nyuma ya msikiti mara mbili leo. Mara ya kwanza nilimuona mkewe anaanua nguo, nikajifanya napita. Mara ya pili sikumuona mtu, nikapita vile vile. Naiacha barua hapa kwanza.

Alhamisi.

Dada, nimekwenda. Baada ya alasiri nimemkuta uani anasuka upya kitanda cha kamba, miguu kainyoosha, kofia kaweka gotini. Nikamwamkia. "Marahaba. Shika hapa," akanipa ncha ya kamba nivute. Nikavuta. Kavuta yeye, nikavuta mie, mpaka safu tatu zikaisha. Maneno yamenijaa mdomoni kama ugali wa moto.

Nikamwambia yote. Modemu, Mama, Wilbert, neno la siri. Nilikuwa nalia, sitakuficha, nikajifuta kwa mkono ule ule wenye vumbi la kamba.

Hakushtuka. Akafunga fundo, akasema, "Najua."

Nikamwuliza anajuaje. Akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mie nafagia chini ya meza yako kila Jumamosi. Kile kidude nakipangusa vumbi. Unakilizaga saa kumi, nami nikikisikia najua mama yako Bi Tabu anaongea na mwanawe, nasimamisha ufagio nisiwasumbue. Jumamosi hii kililia saa nne asubuhi. Nikasema leo wamewahi."

Anadhani ufagio wake unasikika Mtoni! Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Sanduku jeusi lililoletwa kwa ndege halikuona kitu, na mzee asiyejua hata kuwasha kompyuta alisikia mtu akiingia, na saa anaitaja.

Nikamwuliza, sasa mzee mbona hukusema Jumatatu? Walivyokuangalia vile!

Akasema, "Ningesema mie, ningekuwa mzee aliyebanwa anamsukumia mtoto wa jirani. Nani angenisikiliza? Nikaona ukisema wewe utasikika. Nikataja Albadiri, nikajua lazima ingojwe Ijumaa. Nimekuwekea siku nne, Anwar. Leo ya nne."

Akanirudishia ncha ya kamba tumalizie kitanda. Tulipomaliza alikikalia kukijaribu, akasema kimelegea upande wangu.

Ijumaa, saa kumi na moja jioni.

Namalizia. Asubuhi nimebeba mfuko wa rambo, nimepitia kwa Mzee Marijani, tumekwenda wote. Sikungoja swala. Nimeingia kwa Bwana Albano, nimeiweka modemu mezani kwake, nimesema. Ansbert aliitwa tena, akaikagua kompyuta yangu, akakuta kumbukumbu kwamba simu ilipokelewa Jumamosi saa nne kasoro dakika mbili asubuhi. Akaniangalia kwa huzuni. Akasema sanduku lilifanya kazi yake, lisingeweza kumzuia mtu anayepitishwa pembeni. Bora angenitukana.

Bwana Albano hakunipigia kelele. Aliwaita wote, akamwomba radhi Mzee Marijani mbele yao, akampa ufunguo kwa mikono miwili. Mzee akauvaa. Mie nimeachishwa kazi, dada, leo leo. Na kesho nakwenda kituo cha polisi kutoa maelezo, na Wilbert naye maskini, anaulizwa nani na nani walikaa kwenye kile kiti, na yeye hakumbuki, watu wanaingia na kutoka kutwa. Kontena bado halijapatikana. Ningependa nikuandikie limepatikana.

Mashehe walikuwa wameshafika na kahawa imeshachemshwa. Mzee Marijani akawaambia Albadiri haina kazi tena, isomwe dua ya heri tu. Ikasomwa, tende zikaliwa, Sesilia akala nyingi kuliko wote kwa furaha ya kuokoka. Nami nilikula, tende tano, kitu cha kwanza kilichopita kooni tangu Jumatatu. Kisha nikapanda juu ya stuli mara ya mwisho, nikawaonyesha kila waya unapopita, nikaandika namba kwenye karatasi na kuzibandika, atakayekuja asipate tabu. Waya wa getini niliuacha wa mwisho.

Bado situlii. Kazi nitatafuta, Ansbert kasema atanifikiria akipata ofisi nyingine ya kuvuta waya, ila nimsubiri kwanza hasira zimwishe. Simlaumu. Wewe pia usijilaumu, maana nakujua, utaanza kusema ungeandika barua za kawaida haya yasingetokea. Wazo lilikuwa langu, na uvivu wa kuandika neno la siri ulikuwa wangu.

Mama nimemwambia mchana huu. Nilidhani atanifokea kwa kazi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kesho kwa Wilbert ndiyo basi. Nikamwambia ndiyo basi. Akasema haidhuru. Nikamwambia, Mama, barua za karatasi zitakuja, nitakusomea kila neno. Ndipo akaniambia kitu ambacho sikukijua miezi mitano yote niliyokaa naye pale. Akasema maneno yale hakuwa akiyafuata, nilikuwa nasoma mbio mbio kwa sababu ya wateja. Alikuwa akisubiri mwisho. Mama yetu hajui kusoma, lakini alikuwa ameshalijua umbo la jina lako pale chini, akilihesabu herufi kwa kidole chenye hina kwenye kioo, sita.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Utakapoandika, andika kwa mkono. Na jina lako mwishoni liandike kubwa, kwa kalamu nzito, apate pa kuweka kidole.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Shangazi Rukaiya anakusalimu, anasema ukija usimletee tena viatu vya visigino. Mzee Marijani anakusalimu sana, na kaniagiza nikwambie kwamba hakuwahi kusikiliza mlichokuwa mnaongea. Mungu akulinde huko uliko, akufungulie njia ya kurudi salama, na sie atukutanishe tukiwa na afya na nyuso za kutazamana.

Mdogo wako anayekupenda na kukukumbuka kila siku,
Anwar